Longonot, Ngong au Menengai: Jumamosi moja, mlima gani?

Katika kundi letu la kutembea kuna swali linalorudi kila mwisho wa mwezi, na kila likirudi watu hulijibu kwa mita. Longonot ni mita 2,776, Ngong 2,460, Menengai 2,278. Basi anayejiona ngangari anasema Longonot, mwenye kitambi anasema Ngong, na mwenye watoto hasemi kitu. Tunapiga kura, tunaenda, na lazima arudi mtu mmoja nyumbani akiapa kwamba viatu vya michezo hatavivaa tena ila kwenda dukani kununua maziwa.

Mita hazisaidii sana. Kwanza, safari zote tatu zinaanzia juu tayari. Ukishuka kwenye matatu pale Ngong mjini umeshaipita Nairobi kwa kimo, na lango la Longonot lenyewe liko kwenye mita 2,150 hivi kutoka usawa wa bahari. Pili, mita haziambii goti lako chochote. Mimi siku hizi nauliza jambo jingine: nikichoka katikati, natokea wapi? Kuna mlima unaokuruhusu kugeuka wakati wowote, na kuna mlima unaokufungia mlango ukiwa umeshaingia ndani. Hiyo si milima ya aina moja hata ikilingana urefu. Kipimo changu cha pili ni ziwa, maana nusu ya kundi letu wanapanda ili wayaone maji, na ukiwapeleka mahali pasipo na maji watakununia hadi Kiserian.

Longonot: mambo mawili kwa jina moja

Mtu akikwambia "nimepanda Longonot" muulize: ulifika ukingoni, au uliuzunguka? Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3.1. Mzunguko wa ukingo ni kilomita 7.2. Ukijumlisha kwenda, kuzunguka na kurudi langoni unapata kilomita 13 na nusu hivi. Ya kwanza ni matembezi ya asubuhi. Ya pili ni siku nzima, na wanaozichanganya ndio unaowakuta saa nane mchana wamekaa kwenye jiwe, chupa tupu mkononi, wakiwauliza wapita njia kama mwisho uko karibu.

Kilomita ya kwanza inakudanganya. Njia ni pana, ardhi ni tambarare, pundamilia wanakula kando yako bila kukujali, na ukibahatika twiga ananyanyua shingo juu ya migunga. Watu hupiga picha, hucheka, wengine hata huimba. Kisha mlima unasimama. Mvua ya miaka mingi imeichimba njia ikawa mfereji, mahali pengine kina chake kinampita mtu mzima kiunoni, na chini yake kuna majivu ya volkeno laini kama unga wa ngano. Unakanyaga hatua moja, unarudishwa nusu. Vumbi linaingia soksini, linapanda hadi magotini, na wa mbele yako akiteleza wewe ndiye unayekula. Mimi hushika mizizi ya leleshwa iliyochungulia kwenye kingo za mfereji. Ukilifikicha jani la leleshwa, ambalo chini yake ni jeupe kama limepakwa chokaa, linatoa harufu kali ya kafuri. Nusu ya watu wanapanda wakihema, mimi napanda nikinusa mkono.

Halafu ghafla hakuna tena mlima mbele yako. Kuna shimo. Chini kabisa kuna msitu wa kijani kibichi uliojifungia peke yake, umezungukwa na kuta za mwamba, na siku ya baridi unaona nyuzi za mvuke zikitoka kwenye nyufa za kuta. Nyati wako humo ndani. Hapa ndipo mayai ya kuchemsha hutoka mikobani, na hapa ndipo penye uamuzi wa siku nzima, kwa sababu huu ndio mlango wa mwisho wa kutokea. Ukigeuka hapa, utakuwa langoni baada ya saa moja hivi. Ukiendelea, ukafika nusu ya mzunguko, kurudi na kuendelea vinakuwa sawasawa. Hakuna njia ya mkato. Ndani ni ukuta, nje ni mteremko wa vichaka na makorongo.

Jina lenyewe linakuonya. Longonot imetoka kwenye Kimaasai, oloonong'ot, na maana yake ni milima ya migongo mingi. Ukingo haukulala sawa kama wa sufuria. Ni nundu baada ya nundu. Kilele kikuu kinaitwa Kilele Ngamia, kiko upande wa magharibi, lakini kabla na baada yake kuna vilele vidogo visivyo na majina ambavyo kila kimoja kinataka upande na ushuke. Ndiyo maana ile tofauti ya mita mia sita na kitu kati ya lango na kilele ni hesabu ya mezani tu. Miguu yako itahesabu zaidi.

Sasa, kulia au kushoto? Mimi ni mtu wa kulia na sitabadilika. Ukienda kulia unakikabili Kilele Ngamia mapema, miguu ingali na nguvu na maji yangalipo. Ukienda kushoto, unatembea vizuri kwa saa nyingi, kisha kile kilele kinakusubiri mwishoni kama karo ya shule. Wapo wanaosema kushoto ni bora kwa sababu unabakiza kizuri hadi mwisho. Waulize magoti yao.

Lakini sababu yangu kubwa ya kwenda kulia ni ziwa. Unapopanda kuelekea kilele kwa upande huo, bega lako la kulia ndilo lililo upande wa nje. Kila ukisimama kuvuta pumzi, geuka: Ziwa Naivasha liko pale, na kila nundu inalibadilisha. Mwanzoni ni mstari wa fedha tu nyuma ya miti. Nundu mbili baadaye unaona umbo lake, na ile Crescent Island ikiwa imejikunja ukingoni kama ganda la kucha. Juu zaidi, kando ya ziwa upande wa kusini, paa za plastiki za mashamba ya maua zinang'aa jeupe, mstari baada ya mstari, hadi mtu asiyejua anaweza kudhani ni maji mengine. Nyuma yake moshi mweupe wa Olkaria unapanda wima kama hakuna upepo. Huo si moshi, ni mvuke wa visima vya umeme wa jotoardhi ambao Kenya ilianza kuuzalisha pale mwaka 1981. Kileleni kabisa unakuwa karibu mita 900 juu ya uso wa ziwa.

Nimekaa pale mara nyingi nikilitazama, na bado linanishangaza kwa jambo moja. Nakuru, Elementaita, Magadi: haya yote ni maji ya magadi. Naivasha halina mto unaotoka, hivyo lingepaswa kuwa chumvi kama ndugu zake. Ila maji yake hujipenyeza chini kwa chini, yakaondoka na chumvi, na ndiyo sababu viboko, samaki na mashamba yote yale ya maua wanaishi kwenye maji matamu. Mito ya Malewa na Gilgil inaleta, ardhi inanywa. Miaka mingine maji huletwa mengi kuliko yanavyonywewa: mwaka 2020 ziwa lilipanda likaingia mtaa wa Kihoto pale Naivasha mjini, watu wakahamishwa kwa mashua kutoka nyumba walizozijenga kwenye nchi kavu. Ukiwa kileleni ukingo wa ziwa unaonekana kama umechorwa kwa penseli, lakini ni penseli inayofutika.

Baada ya kilele ndipo Longonot inapoanza kukudai. Upande wa kusini ziwa linapotea, unabaki na mlima Suswa kwa mbali na vichaka vikavu karibu. Hakuna kibanda, hakuna bomba, kivuli ni cha kuokoteza. Mara moja nilikwenda na binamu yangu aliyenunua viatu vipya siku ile ya Ijumaa, vizuri sana, vyeupe. Upande wa kusini alivivua, akavaa soksi mbili mbili, akavibeba mkononi kama samaki. Nilimwambia, "Pole, ndugu yangu, tumebakiza kidogo." Nilikuwa namdanganya, naye alijua namdanganya, lakini mahali pale uongo ni sehemu ya huduma ya kwanza. Tukamaliza maji yangu, tukamaliza yake, na tukatembea saa nzima bila tone hadi tulipokutana na vijana waliotugawia nusu chupa. Tangu siku hiyo sipandi Longonot kwa mzunguko bila lita tatu za kwangu peke yangu.

Maelezo ya mlima husema saa nne hadi tano kwa safari nzima, pamoja na kupumzika. Inawezekana. Kundi letu, lenye watu wa umri wote na picha nyingi, hutumia saa sita, na mara moja saba.

Ngong: vilele saba, mlango kila bonde

Ukiwa Nairobi, Ngong unaiona kama ngumi iliyofumbatwa, vifundo vinne vimejitokeza angani. Ukishafika juu unagundua vilele ni saba. Jina, kama la Longonot, limetoka kwa Wamaasai: enkong'u e muny, chemchemi ya kifaru. Kifaru hayupo siku nyingi. Ng'ombe na mbuzi wapo, na utawapisha njia wewe, si wao wewe.

Matembezi ya kawaida ni ya mstari, si ya duara. Unaanzia upande wa Ngong mjini, unaipita mitambo ya upepo, unafuata mgongo kuelekea kusini hadi Kona Baridi kwenye barabara ya Magadi. Ni kilomita kumi na kidogo. Kila kilele ni hadithi fupi: unapanda kwa dakika kumi au ishirini, kwa ukali, unafika, unaona, unashuka kwenye bonde dogo, unaanza tena. Hakuna kimoja kinachokuua. Kinachokuchosha ni idadi. Kwenye kilele cha nne utasikia mtu akiuliza, "Hiki si ndicho cha mwisho?" na kila aliyewahi kupita pale anatazama pembeni.

Tofauti yake na Longonot kwa kipimo changu ni hii: Ngong ina mlango karibu kila mahali. Umechoka kwenye kilele cha pili? Geuka. Njia ile ile inakurudisha kwenye vibanda vya mahindi ya kuchoma. Umechoka cha tano? Hapo kuna ugumu kidogo, kwa sababu kuendelea kumekuwa karibu kuliko kurudi, lakini ardhi ni nyasi, njia inaonekana kutoka mbali, na hujafungiwa kati ya shimo na vichaka. Nimempeleka mama mmoja wa kundi letu mwenye kisukari Ngong mara tatu. Longonot sijawahi kumshauri zaidi ya ukingoni, na yeye mwenyewe anashukuru.

Upepo ndio bwana wa pale. Mitambo ya kwanza iliwekwa mwaka 1993, na leo shamba lile la upepo la KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, lina uwezo wa megawati 25.5. Ukisimama chini ya mtambo mmoja unasikia panga likipita: vuu, kimya, vuu, kimya, kama mtu anayepepeta mahindi kwenye ungo mkubwa. Kofia isiyo na kamba usiende nayo. Mwezi wa Julai ukungu hufunika mgongo wote, unaisikia mitambo bila kuiona, na baridi inaingia mifupani. Watu waliovaa kwa jua la Nairobi hujuta kabla ya kilele cha kwanza.

Udhaifu wa Ngong uko mahali pawili. Kwanza, ni mstari: gari lako liko Ngong, wewe uko Kona Baridi. Wenye magari huishia kugeuka katikati au kulipia usafiri wa kuyarudia, huku aliyekuja kwa matatu ya 111 akiwa huru kama ndege. Anashuka Ngong, anapanda nyingine Kona Baridi au Kiserian, hana deni. Ni moja ya safari chache ninazozijua ambazo kutokuwa na gari ni faida. Pili, mgongo ule una sehemu zenye watu wengi na sehemu zenye upweke. Karibu na mitambo ni kama soko siku ya Jumamosi. Ukivuka kuelekea kusini unabaki na upepo. Watu hupita huko wakiwa wengi, au na askari wa msitu. Uliza getini kabla hujaanza, na usione haya kuwa mwenye tahadhari.

Na ziwa? Hakuna. Upande wa mashariki kuna Nairobi yote, hadi unaweza kujaribu kulitafuta paa la nyumba yako. Upande wa magharibi Bonde la Ufa linaanguka chini ya miguu yako, kahawia na kubwa, na siku safi unaiona Suswa na hata Longonot ikiwa imekaa kule kama nundu ya mbali. Yaani kutoka Ngong unaweza kuuona mlima wenye ziwa, ila si ziwa. Kwangu mimi hiyo inatosha kwa siku nyingi. Kwa wapenda maji, hapana.

Menengai, kwa ufupi

Menengai naiweka hapa ingawa si mlima wa vilele. Ni kreta kubwa mno, kama kilomita 12 kwa 8, juu ya mji wa Nakuru. Gari linafika hadi mahali pa kutazamia, kuna mnara wenye mishale inayoonyesha miji ya dunia, na kutoka hapo unatembea ukingoni kadri unavyotaka: nusu saa, saa mbili, unarudi. Mlango wa kutokea ni gari lako. Mbele yako ni shimo lenye lava nyeusi na mvuke wa visima vya jotoardhi. Nyuma yako ni mji na Ziwa Nakuru. Miaka ambayo heroe wapo, ukingo wa ziwa una utepe wa waridi. Miaka ambayo maji yamepanda sana, hawapo, na ziwa ni kijivu tu.

Ni mbali kwa siku moja kutoka Nairobi, lakini kwa wakazi wa Nakuru, Gilgil au Njoro ndiyo jibu la kwanza. Na kwa yeyote anayesafiri na wazee au watoto wadogo, ndiyo jibu pekee kati ya hizi tatu ambalo halitaleta ugomvi.

Nauli, ada, majira

Longonot ni hifadhi ya taifa, tangu mwaka 1983, na ada yake hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, si kwa noti getini. Lipa ukiwa nyumbani, au angalau kabla hujaondoka barabarani. Kuna raha gani kusimama langoni saa moja asubuhi, nyuma yako foleni, ukitafuta mtandao kwa kunyanyua simu juu? Ngong na Menengai ziko chini ya idara ya misitu, na ada zake ni ndogo kuliko za Longonot. Viwango hubadilika, kwa hiyo visomwe siku ile ile.

Kwenda Longonot kwa matatu kuna mtego mmoja. Si kila gari la Naivasha linapita Mai Mahiu. Mengine hupita barabara ya juu, ya Kinungi, na ukisinzia utaamka Naivasha mjini mlima ukiwa nyuma yako. Mwambie makanga neno moja tu kabla hujakaa: "Longonot." Akisita, shuka. Barabara ya chini ndiyo nzuri pia kwa macho: inashuka ukuta wa Bonde la Ufa, inapita kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita Waitaliano mwaka 1942, kisha mlima unatokea kushoto kwako. Kutoka barabarani hadi langoni ni boda boda.

Mvua za masika, Machi hadi Mei, zinageuza ule mfereji wa majivu kuwa utelezi, na ngurumo ikikukuta kwenye ukingo ulio wazi huna pa kujificha. Ngong wakati huo ni matope na nyasi zenye maji, haipendezi lakini inawezekana. Januari na Februari ndiyo miezi ya vumbi Longonot. Leta kitambaa cha kufunga pua, na usivae nguo unayoipenda. Kwangu mimi wakati bora wa Longonot ni Juni na Julai, mawingu yanapokupa kivuli ambacho miti haikupi. Miezi hiyo hiyo ndiyo mibaya zaidi kwa Ngong. Basi hata kalenda inakuchagulia.

Kwa vyovyote, anza mapema. Lango la Longonot hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na anayeanza saa moja na anayeanza saa nne hawapandi mlima mmoja. Jua la saa sita kwenye ukingo wa kusini silitakii hata jirani yangu anayepiga redio usiku.

Nani aende wapi

Kama hujawahi kupanda chochote, nenda Ngong, hadi kilele cha tatu, urudi. Utajua hali yako bila kulipa gharama ya kujua. Kama Ngong yote saba uliimaliza na siku iliyofuata ulipanda ngazi za nyumbani bila kushika ukuta, uko tayari kwa mzunguko wa Longonot. Nausisitiza mpangilio huo kwa sababu wengi hufanya kinyume: Longonot ina picha nzuri, wanaanza nayo, wanaumia, na hawatuoni tena.

Mwenye goti baya asiogope kupanda, aogope kushuka. Mteremko wa mwisho wa Longonot, ule ule mfereji wa majivu uliokupandisha, ndio unaoyamaliza magoti, na unaukuta ukiwa umechoka. Fimbo mbili zinasaidia kuliko moja. Ngong inakugawia maumivu kidogo kidogo, inapanda na kushuka, goti linapata nafasi ya kupumua.

Anayetaka ziwa lakini hataki siku nzima ana chaguo ambalo halizungumzwi sana: Longonot hadi ukingoni, kisha kulia, hadi Kilele Ngamia, na urudi kwa njia uliyojia. Unakosa mzunguko, unakosa upande wa kusini ambao, tuseme ukweli, hukosi sana. Ziwa unalipata lote. Maji unabaki nayo. Na saa saba mchana uko Naivasha kando ya lile ziwa ulilolitazama asubuhi, mbele ya tilapia wa kukaanga na ugali, ukiitazama migunga mikavu iliyosimama majini tangu ziwa lilipopanda. Hiyo ndiyo ninayowapa wageni wanaotoka Mombasa, ambao hawajazoea hewa nyembamba na ambao, baada ya mayai mawili, huanza kuuliza samaki wako wapi. Wa Ngong, kwa upande wao, huishia kwenye mbuzi choma wa Kiserian, na sijasikia yeyote akilalamika.

Wanaotaka mzunguko mzima wajigawe kabla ya kuanza, si njiani. Sisi tumefanya hivi kwa Jumamosi ijayo: watu kumi na mmoja wamepiga kura ya Longonot, sita watazunguka, watano watafika kileleni na kurudi, na wote tumekubaliana nani ana funguo za gari. Tunaondoka saa kumi na moja alfajiri. Binamu yangu amesema atakuja, kwa viatu vile vile, sasa vimekuwa vya kahawia. Mayai yameshapata mwenyewe, kachumbari pia. Kinachobishaniwa hadi sasa ni nani aliyesahau chumvi mara iliyopita.